Intaneti Ndani ya Gari: Historia Fupi, Kutoka Kebo ya Nokia hadi Barabara ya Endebess

Leo tunaweka msimbo kando. Hakuna PHP, hakuna Python, hakuna hitilafu ya kusaka usiku wa manane. Leo tunapiga historia kidogo.

Watu wa Kitale na Bungoma huniuliza swali moja mara kwa mara, hasa shule zikikaribia kufungwa: "Nifanyeje ili watoto wapate intaneti ndani ya gari?" Jibu fupi ni hili: washa hotispoti kwenye simu yako, chomeka chaji, endesha gari. Kwisha. Lakini jibu hilo fupi limechukua miongo mingi kutengenezwa, na ukijua lilivyotengenezwa utaelewa kwa nini linakubali vizuri ukiwa Kiminini halafu linakugomea ukipita Endebess kuelekea Suam. Kwa hivyo vuta kiti.

Simu ya mkono ilizaliwa garini

Wengi hudhani simu ya mkono ilianza mfukoni kisha ikaingia garini. Ni kinyume. Juni 1946 kampuni ya Bell ilianzisha huduma ya simu za magari katika mji wa St. Louis, Marekani. Mtambo wake ulikuwa na uzito wa karibu kilo 36 na ulikaa kwenye buti. Gari lilichaguliwa kwa sababu moja tu: lilikuwa na betri kubwa na injini ya kuichaji. Kumbuka hilo, maana tutalirudia. Gari ni jenereta yenye magurudumu.

Kwetu Kenya, simu za mkono za kwanza zilikuja mwaka 1993 chini ya lile shirika la posta na simu, KPTC. Zilikuwa za analogia, na kifaa kimoja kiliuzwa kwa takriban shilingi 250,000. Kufikia 1999 waliokuwa nazo nchi nzima hawakufika 20,000. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia alisikia habari zake redioni tu. Mambo yaligeuka mwaka 2000, Safaricom (Vodafone ikiwa ndani) na KenCell zilipoingia sokoni na mitambo ya GSM. KenCell ndiyo iliyokuja kuwa Celtel, kisha Zain, na tangu 2010 ni Airtel. Ndiyo, ni laini ile ile, imebadilisha shati tu.

Nyota, nyota, kebo na *99#

GSM ya mwanzo ilikuwa ya sauti na SMS. Intaneti ya simu ilikuja na GPRS, kisha EDGE, katikati ya miaka ya 2000. Kama una miaka zaidi ya thelathini labda unakumbuka: unachukua Nokia yako, unaiunganisha na kompyuta kwa kebo, unafungua PC Suite, na kompyuta inapiga namba *99#. Namba hiyo haikumpigia mtu. Ilikuwa njia ya kuidanganya kompyuta iamini kwamba simu ni modemu ya zamani ya waya. Wale wa Linux tulikuwa na wvdial na pppd. (Nasema "tulikuwa" kwa heshima tu. Wakati huo mimi nilikuwa darasa la chini nikichora magari nyuma ya daftari.)

Je, hiyo ilifanya kazi garini? Ilifanya, kwa mtu mmoja mwenye laptopu moja na subira ya Ayubu. Polepole haikuletwa na simu peke yake. Kabla ya 2009 Kenya haikuwa na waya wa baharini wa intaneti. Data yote ya kwenda ng'ambo ilipanda setilaiti iliyo umbali wa kilomita 36,000 juu ya ikweta. Piga hesabu: ombi linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka. Hiyo ni safari ya kilomita 144,000. Mwanga wenyewe hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hivyo karibu nusu sekunde imeliwa kabla seva haijafikiria lolote. Ongeza ucheleweshaji wa GPRS yenyewe. Ndiyo sababu Opera Mini, iliyosambaa duniani mwaka 2006, ilipendwa sana huku: ukurasa ulibanwa kwenye seva zao kwanza, kisha ukatumwa kwako ukiwa mwepesi.

Kwa nini gari likikimbia muunganisho haukatiki?

Hapa ndipo mimi hufurahi, nivumilieni. Ukitoka Kitale kwenda Webuye kupitia Kamukuywa na Misikhu unaacha busta moja na kushikwa na nyingine mara nyingi. (Vitabuni huitwa mnara au mlingoti. Kwetu ni busta, basi.) Simu ya sauti hukabidhiwa kutoka busta hadi busta bila wewe kusikia. Lakini data je? Anwani yako ya IP haibadiliki?

Haibadiliki. Wahandisi wa GPRS waliamua kwamba anwani ya IP isikae kwenye busta. Iko kwenye mtambo mmoja katikati ya mtandao wa kampuni, unaoitwa GGSN. Pakiti zako husafirishwa ndani ya bomba kutoka busta yoyote uliyopo hadi kwenye mtambo huo. Ukihama busta, ni bomba linalohamishwa, anwani inabaki. Fikiria sanduku la posta: wewe unaweza kulala Kiminini leo na Bungoma kesho, sanduku lako linabaki pale pale posta ya Kitale. Kwa hiyo upakuaji wa faili unaweza kusimama sekunde chache ukibadilisha busta, hasa kwenye GPRS, halafu ukaendelea ulipoishia. 4G imebadilisha majina ya mitambo, wazo limebaki.

2009 hadi 2011: miaka iliyogeuza kila kitu

Safaricom ilipata leseni ya 3G mwaka 2007 kwa dola milioni 25. Mbio za kweli zilikuja Julai 2009 waya wa SEACOM ulipowashwa, ukafuatwa na TEAMS mwaka huo huo na EASSy mwaka 2010. Setilaiti ikaachiwa sehemu zisizofikika. Wakati huo huo modemu za USB zilijaa madukani, zile fimbo ndogo za Huawei za kuchomeka kwenye laptopu. Zilifungwa zitumie laini ya kampuni moja tu, na vijana wa mjini wakapata riziki kwa kuzifungua.

Lakini modemu bado ilikuwa ya mtu mmoja. Ili familia nzima igawane garini ulihitaji laptopu iliyowashwa, inveta ya kubadilisha umeme wa gari wa volti 12 kuwa volti 240, na programu kama Connectify (2009) ya kuigeuza laptopu ya Windows 7 kuwa kituo cha waifai. Ilikubali. Lakini hebu fikiria mama amepakata laptopu ya moto, inveta inapiga kelele, gari liko kwenye mashimo. He he.

Wenye Nokia za Symbian walikuwa wameonja njia safi zaidi. Programu ya Kifini iitwayo JoikuSpot iligeuza simu yenyewe kuwa kituo cha waifai tangu 2008 hivi. Shida ni kwamba simu zenye waifai zilikuwa za wenye nazo. Mei 2010 Google ikatoa Android 2.2, na hotispoti ikawa ndani ya simu bila kununua programu yoyote. Apple walifuata kwenye iPhone Machi 2011.

Na hapa ndipo historia ya dunia inakutana na historia yetu. Mwanzoni mwa 2011 Safaricom na Huawei walileta simu iitwayo IDEOS kwa takriban shilingi 8,000. Kioo kidogo, betri ya kulialia, lakini ndani kulikuwa na Android 2.2, na hotispoti yake iliweza kuhudumia vifaa 8. Ziliuzwa kwa mamia ya maelfu. Watu hukumbuka IDEOS kama simu ya bei nafuu iliyoleta Facebook mkononi. Mimi husema ilileta pia ruta ya kwanza ya familia ambayo mwalimu wa shule ya msingi angeweza kununua. Betri yake ilikwisha haraka hotispoti ikiwa imewashwa, na ndiyo maana ilifaa zaidi garini, ikinyonya umeme pale kwenye tundu la kuwashia sigara. Umeona? Tumerudi St. Louis 1946: gari ni jenereta.

Matatu, tofali na gari la Japani

Biashara nayo haikulala. Mwaka 2013 Safaricom ilianza Vuma Online, waifai ndani ya matatu. Mwaka huo huo vijana wa Ushahidi, Nairobi, walichangisha zaidi ya dola 172,000 Kickstarter kutengeneza BRCK, kisanduku cheusi chenye umbo la tofali: laini ya simu ndani, betri ya saa 8, waifai ya vifaa 20. Kilitengenezwa kwa kuchukulia kwamba umeme utapotea na mtandao utayumba, jambo ambalo ruta za ng'ambo hazikuwa zikilifikiria. Baadaye walitoa toleo kubwa, SupaBRCK, lililofungwa ndani ya matatu na kuhifadhi video na kurasa kwenye diski yake mwenyewe. Abiria alipata mambo mengi kutoka ndani ya matatu bila pakiti kutoka nje. Weka wazo hilo kichwani, tutalitumia.

"Lakini gari langu lina kitufe cha intaneti!" Najua. Chrysler walianza kuuza waifai ya gari Marekani mwaka 2008, na Toyota walikuwa na huduma ya G-BOOK huko Japani tangu 2002. Gari lako lilitoka Yokohama likiwa mtumba. Kifaa cha mawasiliano kilichomo kiliongea na mtandao wa KDDI wa Japani, ambao haukuwa hata wa aina ya GSM. Ni kama redio yake: masafa ya FM ya Japani yalianzia 76 na kuishia 90, ndiyo maana ulimlipa fundi akufungie kile kisanduku cha kupanua masafa ili upate stesheni za hapa. Redio ina dawa. Ile modemu haina dawa. Isahau, nunua ruta ndogo ya kuweka laini ya 4G au tumia simu ya zamani iliyopasuka kioo.

Sasa twende Endebess

Endebess iko kama kilomita 20 kutoka Kitale, chini ya Mlima Elgon, na barabara inaendelea hadi mpakani Suam. Njia nzima ya Kitale hadi Suam ni kama kilomita 45. Ilikuwa vumbi kiangazi na matope masika, hadi ilipowekwa lami katika mradi uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa sasa gari linateleza. Mtandao ndio bado una mashimo, na yana sababu tatu.

Ya kwanza ni nguvu. Kabambe yako ya GSM kwenye masafa ya 900 inaruhusiwa kutoa hadi wati 2. Simu ya 3G au 4G hutoa takriban robo wati tu. Busta inaweza kupaza sauti ikusikike mbali, lakini wewe lazima ujibu, na robo wati haifiki mbali. Ndiyo maana nyanya mwenye mulika mwizi anaongea vizuri shambani huku simu yako ya elfu thelathini ikizungusha kiduara. GSM nayo ina kikomo chake: muda wa mawimbi kusafiri ulipangwa usizidi umbali wa kilomita 35 kutoka kwenye busta, hata kama mnaonana ana kwa ana.

Ya pili ni masafa na mlima. Masafa ya chini, kama 800 na 900, hufika mbali na hupinda kidogo nyuma ya kilima. Masafa ya juu, kama 2100 yaliyotumiwa na 3G ya mwanzo, hufika karibu na hukwama. Ukiwa kwenye miteremko ya Elgon karibu na lango la mbuga la Chorlim, bonde moja linatosha kukufunika. Kuwa ndani ya bati la gari kunapunguza mawimbi zaidi. Antena ya nje ya gari si pambo.

Ya tatu ni mpaka. Ukikaribia Suam, simu inaweza kuona busta za Uganda zina nguvu kuliko za kwetu. Laini za Kenya hutambulika kwa tarakimu 639, za Uganda 641. Celtel walitupa utamu wa kuvuka mpaka bila gharama za ugenini Septemba 2006 kwa huduma yao ya One Network, Kenya, Uganda na Tanzania. Lakini usichukulie kwamba bando la data ulilonunua Kitale linavuka nawe. Zima data ya ugenini, kisha chagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu.

Mwaka ambao gari liligeuka darasa

Tarehe 15 Machi 2020 serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kwa ajili ya korona. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi 12 Oktoba, wengine wakangoja hadi Januari 2021. Katika miezi hiyo, Nairobi walizungumza juu ya masomo ya mtandaoni kana kwamba mtandao ni hewa. Kwetu, mtandao ulikuwa mahali. Ulikuwa kwenye kilima fulani, kando ya mti fulani, saa fulani.

Nililiona kwa ndugu zangu. Pikapu ya baba mdogo ilitoka na maziwa asubuhi, na wakati wa kurudi ilipanda mwinuko ikaegeshwa. Watoto wanne nyuma, simu moja dashibodini. "Baba, imeshika!" "Imeshika ngapi?" "Mbili!" "Haya pakueni haraka, kila mtu kazi yake, asiguse YouTube mtu!" Injini iliwashwa kila baada ya muda ili betri isife. Hesabu aliijua kuliko mimi mwenye digrii: video ya megabiti moja kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa. Watoto watatu wakitazama kila mmoja yake, ni gigabaiti 1.35. Kwa hivyo walitazama moja, kwenye skrini moja.

Mwezi Julai mwaka huo huo kampuni ya Loon, ndugu ya Google, ilizindua baluni zake na Telkom Kenya. Zilielea kilomita 20 angani zikitoa 4G kwa eneo la kilomita za mraba 50,000 hivi, magharibi na kati ya Kenya. Orodha ya maeneo ilitaja Eldoret, Iten na Kakamega. Majirani zetu kabisa. Januari 2021 Loon ikatangaza kufunga duka, hesabu za biashara hazikukubali, na Machi huduma ikakoma. Baluni zilikuja na kuondoka. Busta kwenye kilima imebaki.

Kwa hivyo ufanyeje?

Historia hii inatupa masharti manne, na hayahitaji pesa nyingi.

Kwanza, tenga simu moja ya zamani iwe ruta ya gari, ikae juu ya dashibodi karibu na kioo na chaji yake. Dereva asiiguse. Awe na laini yake na bando lake, ili bando likiisha msigombane.

Pili, fanya kama SupaBRCK: beba vitu vyenu. Pakua video za masomo, ramani na katuni mkiwa kwenye waifai ya mjini. Njiani tumia data kwa ujumbe na kurasa tu.

Tatu, kwenye kila laptopu weka alama kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo. Usipofanya hivyo, Windows itaamua kujisasisha mkiwa katikati ya Endebess na Suam.

Nne, jua laini ipi inashika wapi. Endesha njia yako mara moja ukiandika. Ramani za kampuni huchorwa na kompyuta, barabara huchorwa na mlima.

Na Starlink? Iliingia Kenya Julai 2023, setilaiti zake ziko kilomita 550 hivi tu juu, kwa hivyo ile nusu sekunde ya zamani haipo. Sahani ndogo ya Mini hutumia wati 25 hadi 40 na inakubali umeme wa volti 12, yaani gari linaiweza. Lakini mipango ya kutumia ukiwa mwendoni ina masharti yake. Yasome kabla ya kuifunga juu ya paa.

Jambo la mwisho, na hili si la kiufundi. Hotispoti ya gari ni suluhisho la mwenye gari. Yule jirani aliyetembea kwa miguu hadi kwenye kilima mwaka 2020 hayumo katika makala hii, ila kama mtoto aliyesimama kando ya pikapu akiomba nywila. Alipewa. Ndivyo tulivyo. Lakini siasa ya busta isimalizwe kwa ukarimu wa baba mdogo. Barabara ya lami ilifika Endebess kwa sababu watu waliidai mwaka baada ya mwaka, barazani na kwenye kampeni. Mbunge akija kuomba kura, usimuulize barabara tu. Muulize busta ya mtaani kwenu iko wapi, ina masafa gani, na usiku ikikosa umeme nani anaijazia dizeli.

Tukutane wiki ijayo, nitarudi kwenye msimbo. Safari njema.